DAWA YA DENI NI KULIPA: MAZUNGUMZO JUU YA NJIA ZA KUPOZA DUNIA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi katika mafunzo ya mwaka. Yanachapwa hapa kwa ombi la makatibu wenyewe.)



Najua kwamba mmezoea kuniona nikiingia ofisini mwenu na kuomba daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi na ufunguo wa kasha, wala si kusimama mbele yenu nikizungumza habari za mawingu na jua. Yumkini wapo wanaojiuliza mkaguzi huyu ameipata wapi elimu ya mbinguni. Sikuipata. Shule yangu iliishia sekondari, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye elimu hiyo. Lakini liko jambo moja ambalo kazi yangu imenifundisha vya kutosha, nalo ni deni. Na mambo ya leo, ukiyatazama vizuri, ni mambo ya deni.

Sababu ya kulichagua somo hili ni hii. Miezi michache iliyopita katibu wa chama kimoja cha msingi alinionyesha hati iliyoletwa na wageni. Wageni hao walitaka wanachama waruhusu unga wa jiwe umwagwe mashambani mwao, na kwamba hewa ya ukaa itakayonaswa na unga huo iwe mali ya wageni kwa miaka ishirini. Hati ilikuwa kwa Kiingereza, na Bodi ilikuwa karibu kutia saini siku ile ile, maadam wageni walisema wana haraka. Katibu yule, ambaye ni mtu mwangalifu, aliomba muda, kisha akaniuliza maswali mawili. Kwanza, je, ni kweli kwamba jiwe laweza kuipoza dunia? Pili, je, ni kweli yale aliyoyasikia redioni, kwamba wako watu wanaotaka kulitilia jua kivuli?

Sikuwa na majibu siku ile. Leo ninayo kiasi, nami nitayaeleza kwa utaratibu.

DENI LENYEWE

Ndugu Makatibu, makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hii hukaa angani kwa muda mrefu sana, nayo huuzuia ujoto wa dunia usitoke, kama blanketi linavyouzuia ujoto wa mwili. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420. Mwaka huo huo wastani wa joto la dunia ulipanda kwa kiasi cha digrii moja na nusu za sentigredi juu ya ule wa kabla ya viwanda, na hakuna mwaka mwingine katika kumbukumbu za vipimo uliofikia hapo.

Digrii moja na nusu huonekana ndogo mpaka umwulize mkulima wa kahawa. Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya kahawa ya arabika hapa Tanzania. Waliona kwamba kinachoumiza zaidi ni joto la usiku, na kwamba kila digrii moja inayoongezeka katika joto la usiku huweza kupunguza mavuno kwa kilo zipatazo 137 kwa hekta. Katibu yeyote aliyekaa mezani pa mizani anajua kilo 137 ni nini: ni karo ya shule, ni bati la nyumba, ni malipo ya pili ambayo hayatakuja.

Na aliyekopa ni nani? Bara zima la Afrika, lenye karibu mtu mmoja katika kila watu watano wa dunia, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa itokayo katika nishati za kuchimbwa. Kwa lugha ya ofisi zetu, mkopo umechukuliwa na wanachama wachache matajiri, lakini makato yanafanywa katika hesabu za wanachama wote.

Mwaka 2015, huko Paris, mataifa yalikubaliana kuizuia dunia isifikie digrii 2, na kujitahidi isipite moja na nusu. Huo mimi nauita ukomo wa madeni wa dunia. Nanyi mnajua kwamba chama kinapoukaribia ukomo wake wa madeni, njia za haki ni mbili tu: kuacha kukopa, na kulipa kilichokopwa. Katika jambo hili, kuacha kukopa ni kuacha kuchoma makaa na mafuta. Kulipa ni kuitoa hewa ya ukaa angani na kuirudisha ardhini. Lakini imetafutwa na njia ya tatu: kuliacha deni palepale na kutafuta hila ya kulifanya lisiumize. Nitaanza na hiyo ya tatu.

KULITILIA JUA KIVULI

Wazo hili halikutoka hewani. Limetoka katika milima ya volkano. Mnamo Juni 1991 mlima Pinatubo, nchini Ufilipino, ulilipuka na kurusha juu tani zipatazo milioni 15 au zaidi za gesi ya salfa. Gesi hiyo ilifika katika tabaka la juu la anga, kupita mawingu ya mvua, ikageuka kuwa ukungu mwembamba ulioenea dunia nzima na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Mwaka uliofuata dunia ilipoa kwa karibu nusu digrii.

Mwaka 2006 mwanakemia Paul Crutzen wa Uholanzi, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, aliandika makala akitaka jambo hili lichunguzwe kwa makini. Yeye mwenyewe alisema lingekuwa bora lisihitajike kamwe, ila aliona mataifa yanachelewa mno kupunguza moshi wao. Kabla yake, katika miaka ya 1970, Mikhail Budyko wa Urusi ya Kisovyeti alikuwa ametoa wazo kama hilo. Mpango ni kutumia ndege zinazoruka juu sana, zimwage salfa mwaka hata mwaka, na hivyo kuiga kazi ya mlima.

Ndugu zangu, nataka tuwe waadilifu. Watu wanaolichunguza jambo hili si wachawi wala wendawazimu. Hesabu zao zaonyesha kwamba kweli dunia ingepoa, ingepoa upesi, na kwa gharama ndogo kuliko ile ya kubadilisha viwanda vyote. Wako wataalamu, na baadhi yao ni Waafrika, wasemao kwamba afadhali tulichunguze sasa tulijue, kuliko kuja kushtukia limefanywa na wengine. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkaguzi hatazami upande wa mapato peke yake. Tutazame upande wa pili wa daftari.

Kwanza, kivuli hakilipi deni. Mama humwekea mtoto mwenye homa kitambaa cha maji kwenye paji la uso, na joto hupungua. Lakini malaria imo mwilini vilevile. Hewa ya ukaa ingeendelea kujaa angani, na bahari, ambayo huinywa hewa hiyo, ingeendelea kuwa na tindikali na kudhuru matumbawe na samaki.

Pili, kivuli kingegusa mvua. Baada ya Pinatubo, mvua iliyonyesha juu ya nchi kavu na maji ya mito yalipungua kwa kiasi kikubwa katika mwaka 1992. Tukirudi nyuma zaidi, mlima Tambora wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1815, mwaka uliofuata watu wa Ulaya na wa kaskazini-mashariki ya Marekani walikosa kiangazi. Theluji ilianguka Juni, mazao yakaharibika, na njaa ikaingia. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba volkano kubwa za nusu ya kaskazini ya dunia zimefuatwa na ukame katika nchi za Saheli, na kwamba ukungu wa salfa ukimwagwa upande mmoja tu wa dunia waweza kuisogeza mvua ya wengine. Sisi ambao kalenda yetu ya shamba ni masika na vuli, jambo hili hatuwezi kulipuuza.

Tatu, na hili ndilo linaloniogofya kuliko yote, kivuli kikishatandazwa hakiwezi kuachwa ghafla. Ukungu wa salfa hukaa angani mwaka mmoja au miwili tu, kisha huanguka. Tuseme dunia imekaa chini ya kivuli miaka hamsini, huku hewa ya ukaa ikiongezeka, halafu vita au ugomvi wa mataifa usimamishe ndege. Joto lote lililozuiwa lingerudi kwa kishindo katika muda wa miaka michache, na mimea wala wanyama wasingepata nafasi ya kulizoea. Nimekwisha kukikagua chama kilichokuwa kikilipa riba ya mkopo kwa kuchukua mkopo mwingine. Kwa miaka sita mizania yao ilipendeza. Mwaka wa saba benki ilikataa, na ghala likauzwa. Wahenga walisema kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.

NANI ASHIKE UFUNGUO

Katika kila chama liko swali nilianzalo kabla sijafungua kitabu: nani anashika ufunguo wa kasha, na ni Mkutano Mkuu gani uliompa? Kwa mambo ya anga swali hilo bado halina jibu, na matukio ya miaka ya karibuni yanalithibitisha.

Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitaka kurusha puto kaskazini mwa Uswidi ili kujaribu vyombo vyao. Wasaami, wenyeji wa nchi hizo wafugao kulungu, walisema hawakuulizwa, nao walipinga. Jaribio likasimamishwa, na mwaka 2024 mpango wote ukafungwa. Mwaka 2022 kampuni moja changa ya Marekani ilirusha maputo yenye salfa kutoka nchini Meksiko bila ya ruhusa. Mnamo Januari 2023 serikali ya Meksiko ikatangaza kwamba itayapiga marufuku majaribio ya namna hiyo katika nchi yake. Mwaka 2024, katika mji wa Alameda, jimbo la California, wataalamu walianza kunyunyiza chembe za chumvi ya bahari ili kujifunza namna ya kuyafanya mawingu yawe meupe zaidi. Halmashauri ya mji iliposikia, ilipiga kura na kuwakataza.

Tazameni, Ndugu Wajumbe: katika habari zote tatu, walioleta mpango walifika na vyombo kabla ya kufika na maneno. Wenyeji waliokuwa na baraza la kusema, walisema, na walisikilizwa. Wasio na baraza je?

Afrika nayo imesema. Mnamo Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa bara letu, waliokutana Addis Ababa, walitaka yawepo mapatano ya dunia ya kutokulitumia jua kwa namna hii. Katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Nairobi, mapema mwaka 2024, nchi zilijadili azimio juu ya jambo hili, zikashindwa kuelewana, na azimio likaondolewa. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2019 katika ukumbi huo huo. Yako maafikiano ya mwaka 2010 ya Nagoya, Japani, chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, yanayozitaka nchi zisiruhusu kazi hizi, isipokuwa utafiti mdogo, mpaka elimu ya kutosha ipatikane. Lakini maafikiano hayo hayana adhabu, na Marekani si mwanachama wa mkataba huo. Kwa hiyo kasha liko wazi, na ufunguo unatafutwa.

KUIRUDISHA HEWA ARDHINI

Sasa nije kwenye swali la kwanza la yule katibu, lile la jiwe. Hii ni njia ya kulipa, si ya kuficha, na kwa hiyo naiheshimu zaidi. Lakini hata mlipaji wa deni huweza kudanganywa juu ya hesabu.

Njia ni nyingi. Iko ya kupanda na kulinda misitu, ambayo wengi mnaijua; Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wamekwisha kupata malipo kwa kuilinda misitu yao, wala fedha hizo si za ndoto. Iko ya mitambo inayonyonya hewa ya ukaa na kuisukuma chini ya miamba. Mtambo mkubwa wa namna hii ulioanza kazi Iceland mwaka 2024 ulikusudiwa kunyonya tani 36,000 kwa mwaka. Dunia hutoa tani zipatazo bilioni 37 kwa mwaka kutokana na nishati za kuchimbwa. Fanyeni hesabu wenyewe: ingehitajika mitambo zaidi ya milioni moja. Mtambo ni mzuri, lakini asitokee mtu akatumia risiti ya shilingi moja kuomba mkopo wa milioni.

Na iko njia ya jiwe. Mvua inaposhuka huichukua hewa ya ukaa na kuwa tindikali hafifu. Maji hayo yakikutana na jiwe la volkano huliyeyusha polepole, na ile hewa hufungwa ndani ya maji, ikashuka na mito hadi baharini, ikakaa huko maelfu ya miaka. Kazi hii dunia imeifanya tangu kuumbwa kwake. Watu wanachotaka ni kuiharakisha kwa kulisaga jiwe. Zaidi ya hayo, unga wa jiwe huweza kupunguza uchachu wa udongo na kuongeza madini ya kalisi na magnesi. Kwa hiyo, jibu la swali ni ndiyo, jiwe laweza. Lakini ni kiasi gani? Hapo ndipo penye ugumu. Kiasi hutegemea udongo, mvua, aina ya jiwe na ulaini wa unga, na mafuta yaliyochomwa katika kusaga na kusafirisha lazima yatolewe katika hesabu. Mawe mengine yana nikeli na kromu, ambazo hazifai kujaa shambani. Na wengi wetu tunalima juu ya udongo wa volkano, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kwa nini shamba letu liongezewe jiwe.

Niwape habari ya kijiji kimoja cha mbali, kwa kuwa inafanana na vyama vyetu. Kule Kanada, katika visiwa vya Haida Gwaii, kiko kijiji cha Old Massett, ambacho wakazi wake wameishi kwa samaki aina ya samoni tangu mababu. Samaki walipopungua, uliletwa mpango wa kumwaga vumbi la chuma baharini. Chuma kingeotesha mimea midogo ya bahari. Mimea ingewalisha samaki na kunywa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ingeuzwa kwa hati, na deni lingelipwa. Wanakijiji walipiga kura, wakakopesha shirika lao zaidi ya dola milioni mbili za Kanada. Mwaka 2012 tani zipatazo 100 za chuma zilimwagwa. Mimea iliota kweli, hata ikaonekana kwa vyombo vya angani. Lakini hati za hewa ya ukaa hazikuuzwa, kwa maana hakuna aliyeweza kuthibitisha ni hewa kiasi gani iliyozama. Serikali ikaanzisha upelelezi. Na mwaka 2013 nchi zilizo katika itifaki ya London inayozuia utupaji wa taka baharini zikapitisha marekebisho ya kuzibana kazi kama hizo. Mwaka uliofuata samoni walikuwa wengi sehemu kadhaa za pwani ile, lakini wataalamu hawakuweza kuthibitisha kwamba kilicholeta ni kile chuma.

Sisemi wanakijiji wale walikuwa wajinga. Walipiga kura, kama inavyopasa. Walichokosa ni mtu wa kuuliza, kabla ya kura, nani atakayepima.

MASWALI YA MKAGUZI

Basi nawaachia makatibu maswali matano. Yaandikeni nyuma ya daftari la mihtasari, na yeyote atakayekuja na mpango wa jiwe, wa miti au wa hewa, ayajibu kwa maandishi na kwa Kiswahili.

1. Nani anapima, na je, mpimaji analipwa na anayeuza? Sisi hatumruhusu karani wa mizani kujikagua mwenyewe.

2. Hewa ya ukaa ni mali ya nani, kwa miaka mingapi, na mwanachama akifa au akiuza shamba, mrithi amefungwa na nini?

3. Madhara yakitokea katika udongo au maji, nani atalipa, na dhamana yake iko benki gani?

4. Malipo yanakokotolewaje, na chama kitayaona mahesabu ya mauzo au kitapewa tu kifungu cha mwisho?

5. Mpango umefuata sheria? Tanzania ina Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Anayesema hana haja navyo, nanyi hamna haja naye.

Tena, hati yoyote ya miaka mingi isitiwe saini na Bodi peke yake. Ipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wenye akidi, isomwe kifungu kwa kifungu, na nakala ipelekwe kwa Mrajis. Yule katibu niliyemtaja alifanya hivyo. Wageni walipopewa maswali haya waliomba kwenda kushauriana, na hadi leo hii ninapozungumza hawajarudi. Kama mpango wao ni mwema, watarudi, na mlango u wazi.

Kuhusu jua, hatuna hati ya kutia saini, lakini tunayo sauti. Azimio la chama cha msingi hufika Chama Kikuu, la Chama Kikuu hufika Shirikisho, na la Shirikisho husikika serikalini. Wawakilishi wetu wakienda tena Nairobi au kwingineko, na waende wakijua kwamba mkulima wa masika na vuli anataka kuulizwa kabla mvua yake haijaguswa.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kuzima taa ili mdai asituone. Waliokopa na wapunguze moshi wao, kwani hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo hakuna unga wa jiwe wala ukungu wa salfa uwezao kuibadili. Na sisi tutunze mashamba yetu, tupande miti ya kivuli juu ya kahawa yetu, ambayo ni kivuli cha halali kisichohitaji ruhusa ya mtu, na tuendelee kuandika kila kitu, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali nayakaribisha, na kesho asubuhi, kama kawaida, nitaomba kuviona vitabu.